Kwa Nini Kofia Ngumu Ni Kinga ya Mwisho, Si ya Kwanza

Ukitaja usalama kazini, picha inayowajia wengi ni ya fundi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, au ya mkono ulionaswa na mashine. Mambo hayo hutokea kila siku, lakini ni kipande kidogo cha habari yenyewe. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalitoa makadirio yao ya kwanza ya pamoja ya vifo vinavyotokana na kazi. Kwa mwaka 2016 pekee yalihesabu watu milioni 1.9. Waliokufa kwa majeraha walikuwa takriban 360,000, sawa na asilimia 19. Waliobaki, asilimia 81, waliuawa na magonjwa: mapafu yaliyoharibika, kiharusi, moyo. Na kisababishi kilichoongoza orodha hakikuwa mashine wala kemikali. Kilikuwa ni kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, jambo lililohusishwa na vifo karibu 750,000.

Sasa niambie, ni kofia gani itakayomkinga mtu na ratiba ya kazi? Ni glavu gani itakayozuia shinikizo la damu la dereva anayepata usingizi wa saa nne tu kila usiku? Hapo ndipo mazoea yetu yanapogonga mwamba. Tumezoea kuona usalama kama sifa ya mfanyakazi: yuko makini au hayuko makini, amevaa au hajavaa. Kumbe sehemu kubwa ya usalama huamuliwa kabla hajafika kazini, na watu wanaochagua mashine, malighafi, idadi ya wafanyakazi na urefu wa zamu.

Ugonjwa hauna mashahidi

Ajali ina saa yake, mahali pake na watu walioiona. Ugonjwa wa kazi hauna hata kimoja kati ya hivyo. Chukua vumbi la silika, linalotoka mawe, zege au vigae vinapokatwa na kutobolewa. Chembe zake zinazodhuru ni ndogo kiasi cha kufika mwisho kabisa wa mapafu, na kwa udogo huo hazionekani kwa macho. Lile wingu unaloliona likishatua, chembe za hatari bado zinaelea. Mfanyakazi anavuta pumzi, hasikii maumivu, anarudi nyumbani. Miaka inapita ndipo kifua kinapoanza kubana. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba ya kuuondoa. Unaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi, na humweka mgonjwa katika hatari zaidi ya kupata kifua kikuu.

Asbesto ni mbaya zaidi kwa upande wa muda. Saratani ya utando wa mapafu inayosababishwa nayo huweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 50. Kufikia hapo kiwanda huenda kimefungwa, kumbukumbu zimetupwa, na mgonjwa mwenyewe haunganishi kikohozi chake na kazi aliyoifanya ujanani. Ndiyo maana magonjwa haya hayaingii kwenye daftari la ajali. Si lazima mtu ayafiche kwa makusudi. Hayakuwa na pa kuandikwa.

Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia, aliligundua tatizo hili mapema. Mwaka 1700 alichapisha huko Modena kitabu chake kuhusu magonjwa ya wafanyakazi, akawashauri madaktari waongeze swali moja kwenye yale wanayomuuliza mgonjwa: unafanya kazi gani? Mwaka 1775 daktari wa upasuaji wa London, Percivall Pott, alieleza kwamba saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani iliyowapata wasafisha mabomba ya moshi ilitokana na masizi. Wengi wao walianza kazi hiyo wakiwa watoto, kwa sababu mwili mdogo ndio uliopenya bombani. Sheria iliyofaulu kuwaondoa watoto humo ilipita Uingereza mwaka 1875, miaka 100 baadaye. Kujua chanzo cha ugonjwa ni jambo moja, kubadili namna kazi inavyofanywa ni jingine, na kati ya hayo mawili watu hufa.

Macho na masikio hayapimi

Kuna jambo linalowachanganya hata wajumbe wa kamati za usalama. Kitu chenye uwezo wa kudhuru si sawa na uwezekano wa kudhurika. Tindikali iliyo ndani ya tangi lililofungwa na tindikali iliyo kwenye ndoo karibu na mlango ni kemikali ileile. Kinachotofautiana ni nani anaifikia, kwa kiasi gani, kwa muda gani. Tathmini ya vihatarishi ni kazi ya kujibu maswali hayo matatu kwa kila shughuli, na haifanyiki kwa kukaa ofisini na kunakili fomu ya mwaka jana.

Kelele ndiyo inayoonyesha vizuri kwa nini hisia zetu hazitoshi. Kikomo kinachotumiwa sana ni desibeli 85 kwa zamu ya saa 8. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, nishati ya sauti inayoingia sikioni huwa maradufu, kwa hiyo muda wa kuivumilia bila madhara hupungua kwa nusu. Desibeli 88 ni saa 4. Desibeli 91 ni saa 2. Ukifika 100, umebakiwa na dakika 15. Tatizo ni kwamba sikio halituambii hivyo. Kutoka 85 hadi 88 mtu husikia kelele imepanda kidogo tu, na baada ya wiki mbili amezoea. Kuzoea huko si dalili ya ukakamavu. Wakati mwingine ni kwamba vinyweleo vya sikio la ndani vimeanza kufa, navyo havioti tena.

Hesabu hiyohiyo inafichua udhaifu wa viziba masikio. Tuseme umepewa vinavyopunguza desibeli 30, kinga nzuri sana. Ukivivua kwa nusu ya zamu ili umsikie mwenzako, au kwa sababu masikio yanawasha, umepokea nusu ya dozi nzima ya kelele. Na nusu ya dozi, tumeona, ni tofauti ya desibeli 3. Kwenye pakiti imeandikwa 30, kwenye sikio lako zimefika 3 hivi.

Ngazi yenye vidato vitano

Wataalamu wa fani hii hupanga kinga kwa ngazi, ya juu ikiwa bora kuliko ya chini. Kwanza, ondoa kihatarishi chenyewe. Ukishindwa, badilisha: tumia kitu kisicho na madhara au chenye madhara machache. Ukishindwa, mtenganishe mtu na hatari kwa njia za kihandisi, kama ngao ya mashine, kifyonza vumbi, uzio. Chini ya hapo kuna mpangilio wa kiutawala: mafunzo, mabango, kupokezana zamu, vibali vya kazi (hati zinazoruhusu kazi ya hatari ifanywe). Mwisho kabisa ndipo penye vifaa kinga, yaani kofia, buti, glavu, barakoa.

Kinachowafanya watu waisome ngazi hii kichwa chini ni gharama inayoonekana. Bei ya kofia inajulikana leo. Bei ya kubuni upya kazi inahitaji mtu akae afikiri. Lakini angalia tofauti ya nguvu zake. Taa za juu ya dari zikiwekewa winchi ya kuzishusha, hakuna atakayepanda ngazi kubadilisha balbu, na siku ambayo fundi amechoka, amegombana nyumbani au ni mgeni kazini, bado hataanguka. Mkanda wa kujifunga unategemea afunge vizuri, mahali panapohimili uzito wake, kila mara, maisha yake yote ya kazi. Kila unaposhuka kidato kimoja, unamwongezea mwanadamu mmoja mzigo wa kutokosea.

Tena vifaa kinga vina masharti ambayo hayasemwi wakati wa kuvigawa. Barakoa ya kuzuia vumbi laini hufanya kazi ikibana ngozi pande zote; mwenye ndevu anavuta vumbi kupitia pembeni huku akiamini amekingwa. Vifaa vingi vilichorwa kwa umbo la mwanamume wa wastani, na mwanamke aliyepewa vazi linalopwaya amepewa kitu cha kunaswa. Glavu, ambazo karibu kila bango linaamuru zivaliwe, ni hatari mbele ya mashine inayozunguka kama ya kukereza chuma au keekee ya mezani: uzi mmoja ukishikwa, mkono mzima unafuata. Sisemi vifaa hivi havina maana. Nasema anayeanza navyo ameanzia mwisho.

Australia imetoa mfano ambao viwanda duniani vinautazama. Mawe ya kutengenezwa, yale ya kutandika juu ya meza za jikoni, mengi yalikuwa na silika kwa zaidi ya asilimia 90. Vijana waliokuwa wakiyakata walianza kupata silikosisi baada ya miaka michache tu, badala ya miongo. Wakajaribu kumwagia maji wakati wa kukata, barakoa, leseni, ukaguzi. Hatimaye serikali iliamua kwamba hakuna mpangilio wa karakana utakaoaminika kuwalinda wote, na kuanzia Julai 1, 2024 utengenezaji, usambazaji na ukataji wa mawe hayo ukapigwa marufuku, mara ya kwanza kwa nchi yoyote. Hicho ndicho kidato cha juu kabisa. Meza za jikoni zinaweza kutengenezwa kwa vitu vingine. Mapafu hayana mbadala wa bei nafuu.

Na ule uzembe?

Karibu kila ripoti ya ajali ina sentensi moja isiyokosa: mfanyakazi hakufuata utaratibu. Wazo hili lina historia. Mwaka 1931 H. W. Heinrich, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya bima Marekani, aliandika kwamba asilimia 88 ya ajali husababishwa na vitendo visivyo salama vya watu. Namba hiyo imezunguka dunia na hadi leo inasomwa kwenye mafunzo kana kwamba ni kanuni ya fizikia. Watu hawaulizi ilitoka wapi. Ilitoka kwenye majalada ya madai ya bima na ripoti za wenye viwanda. Ukimpa msimamizi fomu aeleze kwa nini mtu aliye chini yake ameumia, si rahisi aandike kwamba aliyekosea ni msimamizi. Kwa haki yake, Heinrich mwenyewe alihimiza mashine ziwekewe ngao. Lakini kilichokumbukwa ni 88.

Linganisha na kilichotokea Julai 6, 1988 kwenye Piper Alpha, mtambo wa mafuta na gesi katika Bahari ya Kaskazini. Mchana wa siku hiyo valvu ya usalama ya pampu mojawapo ilikuwa imeondolewa kwa matengenezo, kwa kibali chake, na mdomo wa bomba ukafunikwa kwa muda. Pampu hiyohiyo ilikuwa na kibali kingine, cha ukarabati ambao ulikuwa haujaanza. Zamu ikabadilika. Usiku, pampu ya pili ikazima na kukataa kuwaka. Wafanyakazi wa zamu wakatafuta vibali, wakaona kile cha ukarabati, wakaridhika kwamba pampu ya kwanza ni nzima na inaweza kurudishwa kazini. Kibali cha valvu hawakukiona. Valvu yenyewe ilikuwa sehemu ya juu ambako mtu aliye kwenye pampu hawezi kuona kwamba haipo. Wakawasha. Gesi ikavuja, ikalipuka.

Mambo hayakuishia hapo. Pampu za maji ya kuzimia moto hazikuwaka zenyewe, kwa sababu zilikuwa zimewekwa ziwashwe kwa mkono ili zisiwavute wapiga mbizi waliokuwa wakifanya kazi majini. Utaratibu uliowekwa kuwalinda wachache ukawanyima kinga wengine. Mitambo ya jirani iliendelea kusukuma mafuta kuelekea kwenye moto. Walikufa watu 167.

Aliyebonyeza swichi alikosea? Kwa alichokiona mbele yake, hapana. Uchunguzi ulioongozwa na jaji Lord Cullen ulitoa mapendekezo 106 mwaka 1990, na uzito wake uliangukia mfumo: vibali vinavyotunzwa mahali tofauti, makabidhiano ya zamu yasiyo na mpangilio, uongozi ulioridhika kwa kuwa makaratasi yalikuwa yakisainiwa. Kibali cha kazi kinapogeuka kuwa sahihi tu, hakimlindi mtu. Kazi yake ni kulazimisha watu wawili wazungumze kabla kitu hakijawashwa.

Umuhimu wa mazungumzo hayo unaonekana zaidi kwenye matangi, mashimo na visima. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, ikishuka chini ya 19.5 huhesabiwa kuwa pungufu, na ikishuka zaidi mtu huzirai bila onyo. Gesi ya haidrojeni salfaidi hunuka kama yai viza, lakini ikizidi huua uwezo wa kunusa kwanza, kwa hiyo harufu inapotoweka ndipo hatari inapokuwa imekomaa. Kinachofuata hujirudia kila mahali: mmoja anaanguka ndani, mwenzake anashuka kumwokoa, naye anaanguka, wa tatu anawafuata. Huwezi kumfundisha mtu asimpende mwenzake. Unachoweza ni kupanga mapema: kipima gesi kabla ya kuingia, mlinzi wa nje asiyeruhusiwa kuondoka wala kuingia, na kamba iliyounganishwa na winchi ili anayeokoa aokoe akiwa juu. Vitu hivyo visipokuwepo, kazi haianzi, hata kama tajiri anasubiri.

Haki ya kusema hapana

Aprili 23, 2013 nyufa zilionekana kwenye jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka, Bangladesh. Benki na maduka ya ghorofa za chini yakafungwa. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya ghorofa za juu waliamriwa warudi kazini kesho yake, na wengi walirudi, kwa kuwa mshahara ulikuwa haujalipwa. Jengo likaporomoka, likaua watu zaidi ya 1,100. Nyufa zilijulikana. Hawakukosa elimu ya usalama; walikosa uwezo wa kukataa.

Kisheria jibu lilikuwepo tangu 1981. Mkataba namba 155 wa ILO unasema, katika kifungu cha 13, kwamba mfanyakazi anayejiondoa kwenye hali ambayo ana sababu ya msingi ya kuamini inatishia maisha au afya yake kwa hatari kubwa na ya karibu, alindwe asiadhibiwe isivyo haki. Kifungu cha 21 kinaongeza kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Kwa hiyo kukatwa mshahara kwa ajili ya buti za usalama ni kinyume cha mkataba huo. Mwezi Juni 2022 ILO ilipandisha mazingira salama na yenye afya kuwa miongoni mwa haki za msingi za kazi, sambamba na kupigwa marufuku kwa kazi za kushurutishwa na za watoto. Maana yake, nchi mwanachama inawajibika kuiheshimu haki hiyo hata kama haijaridhia mikataba inayohusika.

Haki iliyo kwenye karatasi inahitaji mtu wa kuishika, na hapo ndipo vyama vya wafanyakazi na kamati za usalama zina kazi ambayo mkaguzi anayepita mara moja kwa mwaka hawezi kuifanya. Kibarua wa siku moja akikataa peke yake, kesho haitwi. Kikundi kizima kikikataa, mazungumzo yanaanza.

Ubao wa siku zisizo na ajali

Kuna ubao unaopendwa sana na mameneja, ule unaohesabu siku zilizopita bila ajali. Nia yake ni njema, ila matokeo yake mara nyingi ni watu kuficha. Ikiwa idara nzima itapoteza bonasi kwa sababu kidole chako kimekatika, utakifunga kitambaa na kunyamaza. Namba inapanda, taarifa zinakauka.

Aprili 20, 2010 wakubwa wa kampuni walikuwa kwenye chombo cha kuchimbia mafuta cha Deepwater Horizon, Ghuba ya Meksiko, na mojawapo ya mambo waliyoyapongeza ni miaka saba bila jeraha la kumfanya mtu akose kazi. Usiku huo gesi ilipanda kwa nguvu kutoka kisimani, chombo kikalipuka, watu 11 wakafa. Ubao haukudanganya kuhusu vidole na vifundo vya miguu. Ulikuwa ukipima kitu kingine kabisa, kwa sababu kuteleza sitahani na kisima kulipuka ni hatari zenye chanzo tofauti, na ya pili haitoi majeraha madogo ya kutangulia.

Sehemu inayotaka kujua hali yake hupima vitu vingine: kasoro ngapi zilizoripotiwa zimerekebishwa na kwa siku ngapi, vipimo vya vumbi na kelele vinasomaje ukilinganisha na mwaka jana, matengenezo mangapi yameahirishwa, na matukio mangapi ya kuponea chupuchupu yameripotiwa na watu wa chini. Hili la mwisho lina tabia ya ajabu kidogo. Kampuni inapoanza kulichukulia kwa uzito, idadi hupanda ghafla, na meneja asiyejua hushtuka akadhani mambo yameharibika. Yalikuwa hivyo tangu zamani. Watu wameanza tu kuyasema.